Kofia ya Zambarau ya Bi Perla

Noemi, nimejifungia chooni hapa sinagogini na sitoki.

Si unaijua kofia ya zambarau ya Bi Perla, mwenyekiti wetu? Sikukuu hii ya Purimu, kila mtu na vazi lake la mzaha, mimi nimejivika kama yeye. Kofia, pochi, mpaka mto tumboni. Si wewe uliyeniambia yuko Córdoba kwa binti yake?

HAYUKO CÓRDOBA. Ameingia wakati msomaji keshafungua gombo la Esta, akaja kuketi UBAVUNI PANGU.

Na kutoka nisingeweza, maana ukikosa neno moja la gombo hujatimiza wajibu. Nikakaa kama panya mtegoni.

Yule mama na adabu zake! Kusoma kukiendelea, kimya. Likitajwa jina la yule adui Hamani tu, watu wakipiga makelele kulizima, ananiinamia sikioni: "Tumbo langu si kubwa hivyo, mwanangu."

Hamani tena, makelele: "Ila mkao umeupatia."

Hamani tena: "Na sauti yangu unaiweza?" Nikakana. "Muongo. Nilikusikia jikoni ukiwachekesha wenzio."

Noemi, jina lile linatajwa zaidi ya mara HAMSINI.

Mwishoni akanikamata mkono: "Miaka ishirini natafuta wa kunirithi kiti. Utakikalia?" Nikaitikia ili tu aniachie.

Akasimama akatangaza! Hayo makelele, hata Hamani hajayapata.

Sasa anagonga mlango: "Mwenyekiti, toka! Biskuti zimeisha na watu wanalalamika!"

Nimeitika, Noemi. Kwa sauti yake.