Mkate wa Babu Yako

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Anaandika shangazi yako, ila maneno ni yangu. Tumesomewa barua yako. Kumbe miaka yote unahangaika na neno moja la Kigiriki cha kale, lile la “mkate wetu wa kila siku” kwenye sala! Eti hamjui limezaliwa na “kuwa” au na “kuja”, wala kama mkate wenyewe ni wa leo au wa kesho. Nilicheka hadi nikakohoa. Babu yako akauliza, “Wa ngano au wa shayiri?” Mwoka mikate ni mwoka mikate tu.

Ila tanuri lake limezimwa tangu mvua zianze. Mikono haikandi tena, na daktari haongelei kupona. Babu yako alinikataza nisikwambie, usije ukaacha masomo. Nimenyamaza vya kutosha, na kimya hicho kinanichoma kila mlango ukigongwa naye akageuza shingo, kisha akaona ni jirani.

Neno lako limesubiri karne na karne, litasubiri tena. Babu yako hawezi. Njoo, mwanangu, akuone angali anakutambua.

Ni mimi bibi yako, mdomo mchungu, ila moyo ni wako wewe.