Koti la Kwendea Nyumbani

Festo, ndugu yangu mbishi,

Usianze kuucheka mwandiko. Kati yetu mimi ndiye niliyeonja kidato cha pili, wewe uliishia la saba ukasema shule inakuumiza mgongo. Kwa hiyo leo msomi anaandika na wewe unasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe huwezi kunikatiza. Natamani ungenikatiza.

Siku hizi nipo Njombe, nakaa kijiji cha Yakobi kwa shangazi. Najifunza kuchomelea mageti. Fundi anasema nina mkono mzuri na mdomo mrefu. Geti la kwanza nililochomelea peke yangu halifungi, lakini mwenye nyumba hajagundua kwa sababu mbwa wake ni mkali, hakuna anayejaribu. Ungecheka wewe. Baridi ni ileile ya kuuma masikio. Nimenunua koti la mtumba, zipu imekufa, nalifunga kwa pini. Nikilivaa nakukumbuka, kwa hiyo kuna asubuhi naliacha tu kitandani natetemeka nalo jirani.

Nimeanza na koti kwa sababu habari zangu zote ni za koti. Siyo hili. Lile.

Unakumbuka ulivyoingia nalo kanisani Mlangali, ile Krismasi yako ya kwanza kutoka Makambako? Jeusi, la ngozi, manyoya shingoni. Ulichelewa makusudi. Ukapita katikati kabisa, taratibu, kama bwana harusi aliyesahau bibi harusi nyumbani. Nyuma yako Mjomba Lukasi amebeba sukari ya mama yako. Nilikuuliza nje, "Unafanya nini huko?" Ukasema, "Biashara." Nikauliza, "Biashara gani?" Ukainua kola ukasema, "Wewe njoo tu." Kabla Januari haijaisha nilikuwa kwenye basi, tena nimegombania kiti cha dirishani.

Mjomba Lukasi hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Wewe ulijua, mimi nilijua, mama zetu walijua. Lakini ni mtu wa kwetu, anaimba besi kwenye kwaya, anajua jina la kila mtoto na mtoto gani amefeli nini. Akimsalimu mzee anainama mpaka kofia inadondoka. Akileta sabuni kwa mama mmoja analeta na kwa jirani, ili wasitazamane vibaya. Mtu wa namna hiyo akisema "nipeni kijana nikamfundishe maisha," nani atamuuliza anwani?

Maisha yenyewe yakawa yale mayai. Chumba kile nyuma ya stendi, mikeka, sisi wa Mlangali upande huu, wale wa Matamba upande ule, na sufuria la mayai katikati kama mgeni rasmi. Tunachemsha kabla hakujapambazuka, tunakimbiza mabasi na ndoo na kachumbari, jioni kila kitu mkononi mwa Mjomba. "Nawatunzia, wanangu. Nyumbani wanapelekewa." Nyumbani walipelekewa sukari.

Na koti kumbe lilikuwa ukutani, ndani ya nailoni, kwenye msumari. Nililiona siku ya kwanza nikanyoosha mkono. Ukanipiga kibao. "Acha. Hilo la kwendea nyumbani."

Nilikuangalia, ukaangalia sufuria. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, na hapohapo nikaanza kungoja zamu yangu ya kulivaa. Pasaka nikalivaa. Nilitembea vizuri kuliko wewe, hilo hata maiti lazima ikubali. Mama yako akaniangalia akasema, "Mbona kama la Festo?" Nikamwambia Makambako hayo yanauzwa kila kona, huku nimekibana kile kifungo cha tatu kwa mkono kama mtu anayeumwa tumbo. Maana ulikuwa umenisimulia: Krismasi ukiwa umelala, mama yako aliona kifungo kimekatika, akafumua uzi wa kijani kwenye sweta la shule la mdogo wako Deo, akakishona. Uliogopa Mjomba atakasirika. Mjomba hakukiona hata siku moja.

Kuna dada mmoja wa Ustawi wa Jamii amekuja kuniuliza habari zetu. Mpole, ana miwani. Akasema tulichofanyiwa kinaitwa usafirishaji haramu wa binadamu. Nikamwambia, "Dada, mimi sikusafirishwa, nilipanda basi, tena dirishani." Hakucheka. Akauliza kama mlango ulikuwa unafungwa. Nikasema mlango ulikuwa hauna hata komeo. Kama tulipigwa. Nikasema siyo sana. Basi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na basi la kwenu lilikuwa linasimama pale kila siku?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hamkulipanda?"

Festo, mimi mwenye jibu la kila kitu nikamuuliza kama atakunywa chai.

Ningemwambiaje habari ya mabasi? Ile ilikuwa siri yetu na ilikuwa aibu yetu. Basi la Ludewa, la kwetu, likiingia, sisi wa Mlangali tunageuka, wanakwenda wale wa Matamba. Basi la Makete, la kwao, likiingia, wale wa Matamba wanageuka, tunakwenda sisi. Mjomba hakutuamuru. Tulipanga wenyewe, na tulijiona wajanja. Mtu wa kwetu asije akafungua dirisha akakuta yule aliyepita kanisani na manyoya shingoni ndiye huyu anayeomba "mzee, chukua hata moja." Tulikuwa tumemdanganya kila mtu nyumbani kwa koti moja, na sasa tulikuwa walinzi wa uongo wetu. Mjomba alikuwa analala usingizi mzito tu. Komeo la nini?

Nilimjibu hivyo mwishowe, safari yake ya pili. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema mtu akikuita mwanangu na chakula kikatoka mkononi mwake, moyo unafanya kazi ya polisi wake. Sikuielewa yote, lakini nimeishika. Maana nitakwambia kitu usimwambie mtu huko: chai ya Mjomba ninaikumbuka. Siku nyingine fundi akinigombeza nafikiria, Mjomba angesema hivi kwa utani. Nakasirika nikiwaza hivyo, na bado nawaza.

Sasa Julai. Sitaki kuandika Julai, lakini ndiyo yenyewe.

Ile mvua ya ukungu isiyonyesha wala kuacha. Wewe na fulana yako, ndoo kichwani. Kikohozi kikaanza kama mzaha, ukasema unapiga honi. Halafu ukashindwa kunyanyuka. Ulilala pale ukutani na koti liko juu yako, juu kabisa, kwenye msumari wake. Nilimwambia Mjomba, "Tumfunike nalo." Akasema kwa huruma, sikudanganyi, kwa huruma, "Likiharibika, Krismasi mtavaa nini?" Na wewe, unatetemeka meno yanagongana, ukasema, "Mjomba ana haki."

Hapo ndipo ninapokukasirikia hadi leo. Mjomba ana haki. Nilikufunika kwa kiroba cha mahindi, nikalala mgongoni kwako, ukasema ninanuka mayai.

Mjomba alikubeba mwenyewe mgongoni mpaka hospitali. Walisema nimonia, na kwamba tumechelewa. Alilia, Festo. Alilia mpaka nesi akamletea kiti. Alinunua jeneza, akakodi gari, tukakuleta nyumbani mimi nimekushikilia kwenye kona zote ili usigonge. Mlangali nzima ikasema Mungu ampe maisha marefu mtu huyu. Siku ya kugawa nguo zako mama yako akatafuta koti ampe Deo. Mjomba akasema, "Dada yangu, hospitali wameliiba." Mama yako akaitikia kwa kichwa tu. Mimi nilipewa ile suruali yako ya kahawia. Ni fupi. Ulikuwa mfupi, nilikwambia siku zote.

Mjomba akaniambia nipumzike nyumbani kwanza, atanifuata. Akaja kweli, wakati watu wanapukuchua mahindi. Akaleta sukari, na akaleta nailoni. Akamwita Deo pale uani mbele ya akina mama wote. "Kaka yako alikuwa mwanangu, na wewe ni mwanangu. Nimekununulia kama lile lake." Akamvika.

Deo, Festo. Yule anayelia akikosa penseli. Mikono ya koti ilimfika vidoleni, akasimama wima kama wewe, na akina mama wakasema ee jamani, Festo mwenyewe. Kesho yake tulikuwa tuondoke na Mjomba, mimi na Deo.

Mjomba akanigeukia. "Profesa, hebu wasimulie maisha ya Makambako." Alijua anamwomba nani. Kijiji kizima kinanijua kwa uongo. Wakaacha mahindi, wakangoja wacheke.

Nilifungua mdomo niwachekeshe. Halafu nikasikia nasema, "Mama Festo, angalia kifungo cha tatu."

Mjomba akacheka. "Huyu kwa maneno."

Mama yako aliinuka taratibu, anapangusa makapi kwenye kanga. Akapiga goti mbele ya Deo kama anayemtengeneza kwenda shule. Akakishika kifungo. Akakigeuza. Akausugua ule uzi kwa dole gumba, muda mrefu, kama kipofu.

"Huu uzi ni wangu," akasema.

Akina mama wakasogea karibu.

"Izaki, koti hili lilikuwa wapi siku mwanangu alipougua?"

"Ukutani, Mama."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Chini yake."

"Amejifunika nini?"

Nikamwambia kiroba.

Mjomba akaanza, "Dada yangu, watoto hawa—" Mama yako alimvua Deo koti, mkono mmoja, mkono wa pili, kwa upole, kama anamwamsha. Akalivaa yeye. Lilimtosha, unajua? Akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, juu ya kanga ya msiba. Akasema, "Kesho nakwenda kuuona huo ukuta."

Mjomba alisema atatangulia kuandaa chumba. Alitangulia kweli, mpaka leo hajulikani alikofika. Polisi wanamtafuta, na nusu ya Mlangali inawashangaa polisi. Mama yangu mwenyewe anasema, "Angalau yule alileta jeneza." Sigombani naye. Ile sukari aliyokunywa muda wote ule ilikuwa ya kweli, alinisubiri nayo kila jioni akidhani ni mimi.

Basi letu likaingia stendi Makambako. Mama yako dirishani na koti, mimi pembeni. Vijana wakaja mbio na ndoo, "mayai, mayai ya moto," wote wa Matamba. Mmoja akaniona akaacha kachumbari idondoke.

"Wa kwetu wako wapi?" mama yako akauliza.

Nikamwonyesha. Ng'ambo, kwenye basi la Makete. Walikuwa wametugeuzia migongo, ndoo kichwani, kama ulivyokuwa unasimama wewe. Nisingekuzika mwenyewe ningeapa mmoja wao ni wewe.

Akashuka. Watu wanapiga honi, yeye anavuka tu. Wakaliona koti kwenye vioo vya basi kabla hawajamwona yeye, nikaona mabega yao yanakaza, wakidhani ni Mjomba. Alisimama nyuma yao akawasalimu kwa lugha ya nyumbani, siyo kwa sauti kubwa:

"Kamwene, wanangu."

Hakuna aliyegeuka. Basi la Makete likaondoka, pale wakabaki hawana cha kuangalia. Ndipo yule mdogo kabisa, ambaye wewe ulikuwa unamgawia ute wa yai, akajibu akiwa bado ametupa mgongo, "Kamwene, Mama." Na ndoo ikaanza kutetemeka.

Walirudi nyumbani wote, na wale wa Matamba pia, ingawa mmoja alitoroka tena na sijui yuko wapi. Chumba tulikikuta kitupu, Mjomba alikihamisha vijana wakiwa stendi. Sufuria hakuna, mikeka hakuna. Msumari upo. Mama yako aliushika, akaketi chini yake palepale ulipokuwa umelala, akiwa amejikunyata ndani ya koti. Nilitoka nje. Mimi na mdomo wangu wote tulitoka nje.

Deo anasoma. Anafeli hesabu kwa kiwango chako, damu ni damu. Na koti, nilidhani mama yako atalichoma au atalitunza. Wala. Analima nalo. Analibebea kuni, analilalia, mvua ikinyesha anamfunika mbuzi. Manyoya yameganda tope. Nilimwambia, "Mama, litaharibika." Akasema, "Ndiyo maana ya koti."

Krismasi ninakwenda nyumbani. Nitaingia kanisani mapema, na lile langu la pini. Vijana watanizunguka nje, nawajua, wataniuliza mjini kuna nini. Nitawaambia nilikuwa nauza mayai, na rafiki yangu alikufa kwa baridi chini ya koti. Nitalisema hilo kila Krismasi mpaka wanichoke, na unajua mimi kuchokwa nimezoea. Na kila nikipita Makambako nitakaa dirishani, nitalifungua mpaka mwisho, na nikiona mgongo nitauita kwa jina.

Nimemaliza, mshkaji. Zamu yako ya kubisha ungekuwa nayo ningekuachia yote. Kaburini kwako nyasi zimeota vizuri, nimeona mwenyewe, zimekufunika kote.

Wako anayenuka mayai,
Izaki