Maharage ya Mama Goreti Niliyokuwa Nayatupa

Jumapili. Mvua ilianza watu wakiwa misa ya kwanza, ikakatika kama saa nane mchana, na sasa mtaa wote wa Muhima unanuka udongo na mkaa uliolowa. Nina shibe. Nina pia aibu ambayo haikai vizuri pamoja na shibe.

Wanaonisoma humu wamezoea malalamiko yangu ya kazini: mashine za fotokopi za ofisi za Kacyiru zinazokwama karatasi kila ninapokaribia kurudi nyumbani, na makatibu wanaonitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezila hizo karatasi. Leo sina hamu ya kuchekesha mtu. Leo naandika jambo ambalo hadi mchana wa leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na hata huyo niliyemwambia, nilimwambia kwa kubanwa.

Kwa miezi minane nimekuwa nikitupa chakula cha jirani yangu.

Jirani mwenyewe ni Mama Goreti. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ngazi za saruji, yeye juu, mimi chini. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mjane, Mkatoliki wa kushika rozari hata akiwa kwenye foleni ya maji. Binti yake Goreti ameolewa mbali na huonekana Krismasi kwa Krismasi. Mimi nilizaliwa Karagwe, kwa wazazi wakimbizi, nikaja Kigali nikiwa tayari na ndevu. Siku niliyohamia hapa alinisikia nikibishana na dereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, kwa Kiswahili cha Tanzania, akatoka mlangoni akicheka. "Eh! Tumepata mtu!" Tangu siku hiyo jina langu katika ua huu ni Karagwe. La kwenye kitambulisho halimhusu mtu.

Jumamosi iliyofuata akanishushia maharage. Maharage ya kuponda, ndani ya bakuli la bati lenye kifuniko, limefungwa kitambaa juu. Alisema mwanaume anayeishi peke yake hula mkate na chai kama mgonjwa, na hakukosea. Nilipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikayamwaga yote kwenye karatasi za fotokopi zilizoharibika, nikayafunga vizuri na kuyazika chini ya maganda ya ndizi kwenye ndoo ya taka.

Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilifanya yenyewe.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea na sheria ambayo haikuhitaji maelezo: usile chakula cha jirani ambacho hukuona kikipikwa, na aliyekukaribisha asipoonja kwanza, weka kijiko chini. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa ugonjwa tu. Mjomba alivimba tumbo, daktari akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni ini, na bado msibani watu walinong'ona kwamba kuna mahali alilishwa sumu. Mimi nimesoma. Ini nalijua. Lakini kuna mambo uliyonyonya pamoja na maziwa, na shule haifiki huko.

Kinachoniumiza ni kwamba sikuwahi kumshuku Mama Goreti. Ungeniuliza kama ni mtu mbaya ningekukasirikia. Ufunguo wa akiba wa chumba changu anakaa nao yeye. Nikienda kazini anaanua nguo zangu mvua ikija. Nilimwachia chumba kizima, kijiko kimoja cha maharage kikanishinda.

Na kila Jumamosi nilirudisha bakuli likiwa limeoshwa linang'aa, nikasema, "Yalikuwa matamu, mama." Mwanzoni nilisema hivyo tu. Baadaye, nadhani kwa sababu ya hatia, nikaanza kupamba. Nilimwambia maharage ya wiki hii yameyapita ya wiki iliyopita. Nilimwambia nimelamba bakuli. Siku moja nilimwambia yamenikumbusha mama yangu, na macho yake yakalowa. Nikashuka ngazi nikijichukia, na Jumamosi iliyofuata nikatupa tena.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimejilaza nasikiliza redio. Nikasikia, "Yezu Mariya!" na kishindo cha bati likigonga saruji. Nilitoka mbio. Mama Goreti alikuwa amekaa katikati ya ngazi, kiatu kimoja hakipo, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Maharage yalikuwa yametapakaa hadi mlangoni kwangu. Ngazi zilikuwa na utelezi wa mvua, na yeye alikuwa anashuka na bakuli mikononi kwa hiyo hakushika ukuta.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Karagwe, mwana wangu, unisamehe. Chakula yako imemwagika."

Aliniomba msamaha mimi.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Wamemfunga hogo, lile gamba zito la plasta, hadi kwenye kiwiko. Njiani kwenda hospitali nilishindwa kujizuia nikalia kwenye gari, na yeye aliyevunjika ndiye aliyenibembeleza. Alidhani nalia kwa kumwonea huruma. Nikamwacha adhani hivyo.

Tangu hapo nimemtekea maji, nimemwashia mkaa, nimemwoshea vyombo, na hakuna hata kimoja kilichonipunguzia mzigo. Jana nikaamua nitampikia maharage yale yale yake. Niliona nimepata dawa. Nilimwambia kabisa kwa majigambo, "Kesho, mama, wewe kaa tu. Maharage yatapanda yenyewe."

Nikaloweka maharage ya njano jana jioni. Leo asubuhi nikayainjika, mvua ikipiga bati, nikakaa pale kwenye kigoda nikiongeza maji ya moto kila yalipopungua, maana ukitia maji baridi yanagoma kuiva. Yalipolainika nikachuja, nikabakiza supu kidogo. Nikakaanga kitunguu kwenye mawese. Mawese nilikuwa na uhakika nayo, kwa sababu kila Jumamosi sifongo langu la kuoshea vyombo lilibaki na wekundu usiotoka. Nikamimina maharage, nikatia chumvi, nikaanza kuponda kwa kitako cha kikombe cha bati kwa sababu mchi sina. Kwanza yakawa majimaji. Nikayarudisha motoni, yakashika chini. Nikakwangua, nikaponda tena hadi yakawa mazito, laini, yanashikilia kijiko.

Nikaonja. Hayakuwa mabaya. Nikajiuliza kama yanafanana na ya Mama Goreti, na nikabaki nimesimama na kijiko mdomoni.

Nilikuwa naiga chakula ambacho sijawahi kukila.

Ningeweza kuacha pale pale, nikampelekea mkate. Lakini nilishamwahidi, na ukaidi wangu mnaujua. Nilisema moyoni kwamba maharage ni maharage. Nikapanda na sufuria.

Alikuwa amekaa mlangoni, hogo limelala mapajani juu ya kitenge. Nilikaa mbele yake nikachota kijiko nionje kwanza, kama tunavyofanya huku unapompa mtu kitu, aone kwamba kinywa cha mwenye chakula kimetangulia. Akanipiga kikofi mkononi kwa mkono wake mzima.

"Wacha mambo hiyo. Weye ni mtoto wangu."

Akachukua kijiko, akala. Hakunitazama hata usoni kwanza. Akala cha pili, cha tatu, kwa mkono wa kushoto, akijimwagia kidogo kwenye kitenge. Halafu akapunguza mwendo. Nikaona ulimi wake unatafuta kitu ndani ya mdomo.

"Karagwe. Ndagala iko wapi?"

"Ndagala zipi, mama? Dagaa?"

Nilipotamka tu nilijua nimekwisha.

"Ndagala, mwana wangu. Ile kavu. Nasaga, naweka ndani, kila Jumamosi. Bila ndagala hii ni chakula ya mtoto wa meno mbili." Bado alikuwa anatabasamu. Alidhani nimesahau. "Na kitunguu umetoa wapi? Mi sikuwekagi kitunguu, inanichoma tumbo." Kisha tabasamu likaanza kuondoka taratibu. "Sasa weye, siku zote, ulikuwa unakula nini?"

Uongo ulikuja mwingi. Kwamba nina mafua na siku hizi sisikii ladha. Kwamba ndagala niliziona zimeadimika sokoni. Ningeweza kuchagua wowote na angeuamini, ndiyo sababu nilishindwa. Nikalitazama lile hogo nikamwambia. Nilimwambia habari za mama yangu na za mjomba, na karatasi za fotokopi, na maganda ya ndizi. Nilisema yote nikiangalia sakafu.

Nilitamani anipige na sufuria.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama."

"Hata ile ya Pasaka?"

"Hata ya Pasaka."

"Ile ya Pasaka niliweka nyama," akasema. Akageuza uso akautazama ukuta, akajipangusa kwa upindo wa kitenge.

Nilipiga magoti pale mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu, jirani wa upande wa pili akichungulia. Nikamwambia anisamehe. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe.

"Woga naijua," akasema baadaye. "Hata kwetu Buja tulikuwa nayo. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, hali kwa mtu. Ungeniambia, 'Mama, mi sikulagi kwa watu,' ningekuelewa. Ningekuita upike hapa, uone na macho yako. Lakini weye ulikuwa unapanda hapa unasema..." Akaiga sauti yangu, Kiswahili changu cha Karagwe chenye kujidai, "'Yalikuwa matamu saaana, mama.'" Aliiga vizuri mno. Siku nyingine ningecheka.

Nilidhani ataniambia nichukue sufuria yangu niondoke. Ningeondoka. Lakini akaninyooshea kidole ndani. "Lete ile chupa iko nyuma ya dirisha."

Ilikuwa chupa kubwa ya plastiki yenye unga wa kijivu, ndagala zilizosagwa. Aliibana katikati ya magoti akazungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto, akakataa nimsaidie. Akachota unga kidogo kwa vidole viwili. Nilidhani anautia kwenye sufuria.

Aliutia mdomoni mwake. Akatafuna huku ananitazama, akameza, kisha akafumbua mdomo nione, kama mtoto anayemthibitishia nesi kwamba dawa imeshuka.

"Mama, usifanye hivyo. Tafadhali."

Akamimina unga kwenye sufuria. "Ponda."

Nikaponda. Jasho lilikuwa linanitoka na sijui kama lote lilikuwa jasho. Aliniambia nipige kutoka pembeni kuja katikati, nisikandamize kama mtu anayepiga mhuri ofisini. Alipoona inatosha akachota kijiko, akakila yeye. Akachota kingine kwa kijiko hicho hicho, akaninyooshea.

"Kula. Mi nimeshaonja."

Nikala.

Ni matamu. Sijui niandike vipi. Ndagala zinaingia chini ya mawese, maharage yanakuwa na uzito mwingine, unameza na ladha inabaki. Kila nilichomwambia kwa miezi minane, yale mapambo yangu yote ya uongo, kumbe yalikuwa kweli, na mtu pekee katika ua huu ambaye hakujua hilo alikuwa mimi. Nilikula hadi chini ya sufuria, pale palipoungua. Naye alikula pamoja nami, kwa kijiko kimoja, lakini kila mara alianza yeye. Kijiko chake, kisha changu. Nilimwambia, "Mama, basi, sasa naamini." Akachota, akala, ndipo akanipa. Nilimwambia mara ya pili. Akachota, akala, akanipa. Hakuwa na hasira wala kejeli. Alifanya kwa upole, kama anavyofanya kila kitu, na huo upole ndio ulionimaliza.

Nilipoinuka kuondoka aliniambia Jumamosi nipande mapema, yeye atakaa na kuelekeza, mimi nitaponda, mpaka mkono wake upone. Nimekubali. Nitapanda hata iwe mvua ya mawe.

Sasa nimekaa hapa na simu yangu na tumbo lililojaa. Kazi ya kuponda nitaiweza, na ndagala sitazisahau tena. Ninachojiuliza ni Jumamosi ngapi zitapita kabla Mama Goreti hajaninyooshea kijiko bila kukipitisha kwanza mdomoni mwake.