Mchele wa Jaruba la Chini

Ngulyati, Bariadi
Februari 1996

Kwako kaka Deogratias,

Mwangaluka, kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, na kazi ya kiwandani inakwenda. Sisi hatujambo kiasi. Baba goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna shida yoyote.

Mbolea uliyotuma imefika kwa lori la Muksini muuza mbolea. Tangu serikali iondoe ruzuku, hapa Ngulyati hakuna anayenunua TSP isipokuwa wewe, ndiyo maana Muksini akimwona baba anamwamkia kama mkwe. Mifuko bado imo stoo. Nitakueleza sababu.

Unakumbuka ng'ombe walivyozoea kushuka jaruba la chini kulamba magadi. Ulipoanza kutuma mbolea, baba alizungusha uzio wa minyaa, akasema ng'ombe hawatalamba jasho la mwanawe. Sasa bwana shamba, Januarius, alichukua udongo wa jaruba lile ukapimwe, na wiki iliyopita alileta majibu. Alisema fosforasi, ndiyo hiyo iliyomo kwenye TSP, imejaa tele, ile ya enzi za ruzuku pamoja na ya kwako. Kinachoua mpunga ni chumvi, maana imeugandisha udongo hata mizizi haipenyi. Alishauri tutie samadi nyingi, tufungulie maji ya mvua yaoshe. Kwa maneno mengine, tuliwafukuza ng'ombe waliokuwa wakituachia samadi bure.

Baba alimuuliza kama huko chuoni alisomea kutukana watu kwenye miji yao. Januarius alimaliza uji, akaaga. Baba anaamini mbolea ikizidi, chumvi itashindwa, basi mifuko iliyopo inasubiri mingine ifunguliwe yote pamoja, na ameniagiza nikuandikie uongeze. Haya, nimeandika.

Lakini tumesikia umeahirisha tena mahari ya Winnie kwa ajili ya jaruba hilo. Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza.

Kaka, jaruba la chini halijatoa hata debe tangu uzio ule ufungwe. Mchele unaopokea kila mwaka, ule unaowaringia wenzako kiwandani, si wa shamba lako. Mama anapanda na kupalilia mpunga wa jirani yetu Kwandu, analipwa gunia, anakukobolea na kukutumia. Alituapisha mimi na baba tusikwambie. Alisema mtoto akijua mbolea yake inapotea bure, atakata tamaa na nyumbani. Nilimwonea huruma, nikakubali, na sasa nimechoka na siri hiyo.

Jumatatu mgongo ulimkatalia akiwa ndani ya maji kwa Kwandu. Tulimbeba hadi nyumbani. Amelala, anakula vizuri, usiogope. Jana aliniuliza ni nani atakayemalizia palizi, ili gunia lako lisikosekane.

Nilikwenda kutafuta karatasi. Nimekuandikia wewe.

Mpe Winnie salamu zangu, na shangazi Apolonia umwamkie. Baba anakusalimu, mama hajui kama naandika.

Ndimi mdogo wako,
Justina