Kadi Mpya na Kivuli Kisichotoka

Kwako mdogo wangu, Kitinda wetu,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii inakukuta umeshatoka kazini, umenawa vumbi la kambi na umepata mahali pa kutulia. Kama bado umesimama, tafadhali kaa. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda analisahau na kuanza kuzunguka nyumba nzima akitafuta cha kufua. Shemeji yako hajambo. Watoto wanamsalimu mjomba wao. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni.

Na wewe hali yako? Nauliza kwa maana ya kuuliza, si kwa mazoea ya barua. Kile kikohozi ulichokisingizia vumbi, kiliisha? Ukiamka, shuka inakuwa kavu? Suruali zako bado zinakaa kiunoni bila kuongeza tundu kwenye mkanda? Utasema dada amegeuka nesi wa mapokezi. Sema tu, ila jijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea kusoma.

Nilijaribu kukupigia. Mara ya kwanza mtandao wa huko kwenu ulikuwa umelala kama kawaida yake. Mara ya pili simu iliita, nikaikata mwenyewe, maana nilijua sauti itanisaliti kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Ndiyo maana nampa barua mwenzako huyu anayerudi kambini kutoka likizo. Yeye hajui kilichomo. Usimuulize kitu, mshukuru tu.

Sasa nikueleze mambo ya kazini kwangu, na nitayaeleza kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na mwisho hutanielewa.

Unajua mwaka huu Mkurugenzi wetu alitaka kituo chetu cha picha za mwili kiwe cha kisasa. Alinunua programu mpya inayoweza kuugeuza mfupa kwenye skrini, ukauona mbele, nyuma na ubavuni, kama mtu anayechagua papai sokoni. Programu hiyo ilihitaji kadi ya picha yenye nguvu, yaani kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Kadi ya zamani ilikuwa ndogo na mwaminifu, lakini mifupa haikuweza kuigeuza. Basi ikaja mpya, kubwa kama tofali, ina feni zake, na nilipoifunga kwenye kompyuta ya Daktari ilikaa kama mgeni mnene kwenye kiti cha mtoto. Ya zamani niliifuta vumbi nikaiweka kabatini.

Kadi yoyote haifanyi kazi bila programu ya kuiendesha. Sisi mafundi tunaiita dreva. Na hiyo dreva ndiyo iliyotuletea balaa. Ilianza kwa skrini kuzima ghafla na kuwaka tena. Nikasema mbele za watu kwamba tatizo ni dreva, dreva ni mbovu, dreva lazima abadilishwe, na dereva wetu wa gari akapita mlangoni akasikia. Hakunisalimia wiki nzima, mpaka mhasibu alipomweleza kwamba hakuna aliyekuwa anamsema. Tulicheka sana siku ile. Nakumbuka kwa sababu tangu hapo hatujacheka tena.

Nilitafuta dreva nyingine, ya toleo jipya. Skrini ikaacha kuzima, tukashangilia. Kumbe tumekimbia moshi tukaangukia motoni. Siku moja Daktari aliniita. Unamfahamu, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hata chai huinywa kana kwamba anaisoma. Alinionyesha picha ya kifua cha msichana wa shule ya msingi. Kwenye mfupa wa bega la yule mtoto kulikuwa na chuma chenye skrubu. Aliniuliza kwa upole kama nakiona. Nikasema nakiona. Akaniambia mtoto yule hajawahi kupasuliwa maishani mwake. Chuma kile kilikuwa cha fundi bomba aliyepigwa picha kabla yake.

Alifunga picha, akaifungua tena, chuma kikatoweka. Skrini kuzima ni jambo linalojulikana, kila mtu anaona imezima. Lakini hii ilikuwa inawaka vizuri, picha safi, halafu inamvika mtu ugonjwa wa mwenzake bila hata kutoa ishara.

Siku ileile nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwambia turudishe kadi ya zamani. Alikataa. Alisema kurudi nyuma ni sawa na mtu aliyehamia nyumba ya bati kurudi ya nyasi, na kwamba wateja wanakuja kwa sababu ya ile mifupa inayozunguka. Alikuwa amezungumza na muuzaji, na muuzaji ameahidi dreva nyingine itatoka muda si mrefu. Subira huvuta heri, akasema. Daktari, ambaye huwa habishani na mtu, akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yenyewe ni ya watu wengine. Hata hivyo hatukusikilizwa. Tukakubaliana kwamba kila picha itafungwa na kufunguliwa upya kabla ya kusomwa.

Nilijaribu pia kuzifungua picha kwenye kompyuta ya mapokezi. Skrini ile ni ya kuandikia majina na kupokea malipo. Kifua cha mtu huonekana humo kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Daktari alisema ukisoma pafu kwenye skrini kama ile, bora upige ramli.

Ni katika siku hizo ndipo ulipokuja kupimwa ili usaini mkataba mpya. Unakumbuka tulivyotaniana, nikakuambia utoe shati taratibu lisije likatoa vumbi la kambi nzima. Picha yako ilipofunguka nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Daktari. Kwenye pafu lako la kulia kulikuwa na kivuli, kimekaa kama alama ya kidole chenye unga. Kabla yako alikuwa amepigwa picha mzee mmoja mwenye mapafu mabovu kweli. Daktari alifunga picha yako, akafungua. Kivuli kikafifia. Akasema, hiki ni cha mzee, kinatoka. Alipotaka kufungua mara ya tatu kompyuta ikazima, gari la kambi lilikuwa linapiga honi getini, na wewe ulikuwa unachungulia mlangoni ukiuliza kama umefaulu mtihani. Daktari akaandika kwamba u mzima. Ulinikumbatia ukaondoka.

Baada ya hapo nilifanya jambo lililomshangaza kila mtu. Nilihamia upande wa Mkurugenzi. Mimi niliyekuwa napigania kadi ya zamani, nikaanza kusema tungojee dreva mpya. Kila Daktari alipoliibua suala hilo, nilikuwa na sababu: mara waya wa umeme wa kadi ya zamani haufai, mara programu mpya itagoma. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nimeanza kufikiri kibiashara. Daktari alinitazama tu, akarudi kwenye picha zake.

Kilichonirudisha upande wa Daktari ni mwanamke mmoja mwenye mtoto anayenyonya. Alikuwa amesomewa picha kwetu na kuambiwa pafu lake lina ugonjwa wa kuambukiza. Akamwachisha mtoto ziwa siku hiyohiyo, akampeleka kwa bibi yake, akajifungia chumbani peke yake akisubiri dawa. Hospitali kubwa walipompiga picha nyingine hawakuona kitu. Pafu lake ni safi kama sahani. Alirudi kwetu asubuhi, akasimama pale mapokezi. Hakupiga kelele. Hakudai kitu. Alisema alitaka tu tujue kwamba maziwa yamekauka, na mtoto sasa anamlilia bibi yake.

Mdogo wangu, wenzangu waliinamisha vichwa kwa aibu. Mimi niliinamisha changu kuficha jambo jingine: nilikuwa nimefurahi. Nilijisemea moyoni, kama cha huyu kilikuwa cha bandia, basi na cha Kitinda ni cha bandia. Niliposikia moyo wangu ukisema hivyo mbele ya mama ambaye maziwa yake yamekauka, nikaogopa nimekuwa mtu gani.

Jumamosi, kituo kilipofungwa mchana, nilimwambia Daktari kwamba narudisha kadi ya zamani, Mkurugenzi atake asitake. Alivuta kiti akakaa karibu yangu. Nilifuta dreva mpya, nikazima umeme, nikaifungua kompyuta. Ile kadi kubwa ilikuwa bado na joto. Nikaitoa, nikaipachika ndogo, nikakaza skrubu, nikarudisha dreva yake ya zamani. Jua lilikuwa linaingia dirishani, nje watu wanapita na mizigo yao, mtu anapiga mluzi. Nilitamani kitu kiharibike. Hakikuharibika. Kompyuta iliwaka kwa utulivu kama vile haijawahi kuugua.

Kadi ya zamani huchora polepole, picha hushuka kutoka juu kwenda chini. Tulianza na yule msichana wa shule: bega lake safi, hakuna chuma. Tukafungua ya yule mama: mapafu safi yote mawili. Daktari alishusha pumzi. Kisha akaniambia nifungue ya ndugu yangu. Hakuitaja kwa jina la mgonjwa, alisema ya ndugu yangu. Ndipo nilipojua kwamba siku zote zile alikuwa ameshanielewa, naye alikuwa akiogopa kama mimi.

Picha ilishuka. Shingo, mabega, mbavu za juu. Na kivuli kikaja pamoja nazo, mahali palepale.

Nilifunga, nikafungua. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Daktari hakunizuia, aliniacha nifanye kila ninachojua. Mwisho akaniomba nifungue ya yule mzee na kuziweka mbili pamoja. Ugonjwa wa mzee uko pafu la kushoto, chini. Kivuli chako kiko kulia, juu. Kilipofifia siku ile, ilikuwa ni ile dreva tu ikichora vibaya. Daktari akavua miwani, akasema, "Hiki hakikuwa cha mtu mwingine, dada. Ni chake, nami nimemwandikia kwamba ni mzima." Akakaa na miwani mkononi.

Basi ndilo neno lenyewe. Kivuli ni chako. Na mimi dada yako niling'ang'ania kadi mbovu kwa sababu, maadamu ilikuwa mle ndani, ningeweza kuamini kwamba inakusingizia. Niliuchelewesha ukweli, na kila siku niliyouchelewesha wewe ulikuwa huko ukivuta vumbi. Sikuombi unisamehe kwenye barua. Utaniambia uso kwa uso utakavyoona.

Ni nini hasa, Daktari hajui, na hataki kukisia. Alisema mambo yanayoonekana hivyo yapo yanayotibika vizuri kabisa, na yapo yasiyopenda kungojwa. Kwa hiyo usingoje. Ndani ya bahasha kuna karatasi yake kwa msimamizi wako, ameandika kwamba cheti cha kwanza si sahihi na kwamba kosa ni lake. Mpe msimamizi asubuhi, usisubiri mshahara wala zamu kuisha. Chukua gari la kwanza linaloshuka. Usinywe kikombe kimoja na wenzako, na ukikohoa funika mdomo. Shemeji yako atakupokea kituoni, yeye anajua yote. Hospitali kubwa wanakutarajia.

Wengine waliosomewa katika majuma yale tumeanza kuwaita mmoja mmoja. Wako tuliowapata. Kuna waliobadilisha namba, na yuko mmoja ambaye simu yake ilipokelewa na mwanawe akauliza tunamtaka wa nini, kwa sababu wametoka kumzika. Mkurugenzi haji tena sebule ya mapokezi. Kadi kubwa iko mezani kwake, amerudishiwa.

Nikomee hapa, mwenzako ameshafunga mizigo. Salimia wote walio wema kwako huko. Shemeji yako anakusalimu, watoto wanakusalimu. Mama anakusalimu zaidi ya wote. Nilimwambia unakuja, hakuniuliza sababu, akadhani umepewa likizo. Tangu jana amelitoa godoro lako juani, anaimba, na amewakataza watoto kulala chumbani kwako. Sikuweza kumwambia lolote.

Njoo upesi.

Ni mimi dada yako akupendaye.