Miezi Minne Aliuza Chai Getini Kwangu, Leo Anaziita Mashine Zangu Bunduki

Eddo Weris, assalaam aleikum. Mji mzima unakuita shangazi, na mimi leo nakuita hivyo hivyo nikikuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la hasira, kwa sababu nimeonewa na nimenyamaza vya kutosha. Jina langu liandike kwenye safu yako lilivyo, sina cha kuficha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto wawili, na nina uwanja hapa Garissa pembeni ya barabara ya kwenda Ijara, uwanja wa kurushiana rangi, mchezo ambao vijana wanauita paintball, mnavaa barakoa ngumu za kufunika uso mzima, mnagawanyika makundi mawili, mnajificha nyuma ya mapipa na magurudumu ya lori, mnarushiana vidonge vya rangi kwa mashine za gesi, ukipakwa rangi umetoka, na mpaka leo hakuna aliyerudi kwao na jambo baya kuliko alama nyekundu pajani na nguo za kufua. Mashine zenyewe ni kumi na mbili, nilizinunua Nairobi kwa mtu aliyefunga uwanja wake, na nataka ujue zilivyoanza hapa kwetu, maana hapo ndipo uonevu wenyewe unapoonekana.

Aabo, baba yangu Mzee Abdiwahab, ni dalali wa ng'ombe, na unajua siku ya soko kila mwenye mali huwapaka ng'ombe wake rangi yake wasichanganyike na wa wenzake, ya aabo ni buluu, paja la kushoto, sasa kuna fahali wanaoletwa kutoka Kotile ambao hawakubali mtu awakaribie na brashi, mmoja alishamvunja mtu mbavu, basi nilipofika na mashine zangu aabo akachukua moja, akasimama nje ya ua, akampiga fahali paja la kushoto kutoka mbali, buluu ikakaa mahali pake na fahali akatingisha mkia tu. Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini. Aabo akasema, "Hii mashine ya alama ni mzuri wallahi, imetuokoa na pembe." Tangu siku hiyo mtaa wote ukaziita mashine za alama, na nilipofungua uwanja watu walisema wanaenda kwa Nasteha kuchezea mashine za alama, na hakuna mtu aliyekunja uso.

Sasa jirani yangu ni mama mmoja anaitwa Ebla, ukuta wake na wangu ni mmoja, na huyu mama, Eddo, miezi minne mizima aliuza chai na mahamri getini kwangu, wachezaji ndio walikuwa wateja wake, mlio wa tap-tap-tap alikuwa anausikia kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na siku moja aliniuliza kama watoto wamepata kifungua kinywa maana leo wanagonga sana. Wanagonga, ndivyo alivyosema, kama fundi anayegonga misumari.

Halafu binamu yangu Salah akaja kutoka Nairobi, akaangalia uwanja, akaniambia, "Sister, nani atalipa kuchezea kitu ya kupaka ng'ombe? Weka jina iko na moto. Watu wanataka action." Nikaona ana akili. Tukatengeneza bango kubwa, tukalipandisha juu ya nguzo kando ya ukuta wa Ebla na wangu, picha ya mtu mwenye nguo za jeshi, uso umefunikwa, na maandishi mekundu: UWANJA WA VITA GARISSA. NJOO MIKONO MITUPU, SILAHA TUNAZO. Na kweli wateja walikuja, hata wafanyakazi wa maofisini, wiki mbili tulijaa.

Wiki ya tatu Ebla akaenda kwa chifu. Alisema amelala sakafuni na wajukuu wake watatu tangu adhuhuri mpaka alasiri, amewafunika na godoro, kwa sababu watoto walimwambia kwa Nasteha kuna vita na bunduki. Mlio ni ule ule. Mashine ni zile zile. Ukuta ni ule ule aliokuwa anaegemea akikoroga chai. Najua mwanawe Awil alipigwa risasi kwenye lori la mbuzi akitoka Hadado, mazishi tulienda sote, lakini hiyo ni miaka tisa sasa na miezi minne ya chai hakukumbuka. Je, huo si unafiki?

Polisi walikuja wakachukua mashine zote kumi na mbili. Imamu akagusia jambo hilo baada ya swala, bila kunitaja, lakini kila mtu aligeuka kumwangalia aabo. Eddo, katika nchi hii bastola ya kweli inayotoa roho ya mtu inaitwa mguu wa kuku na watu wanacheka, na kila Idd wavulana wa mtaa huu wananunuliwa bastola za plastiki na mama zao wenyewe na zinaitwa vidude vya watoto, lakini kidonge changu cha rangi ndicho kimekuwa silaha. Kinachoniuma zaidi ni aabo. Chifu ameitisha baraza Alhamisi ya wiki ijayo kuamua kama uwanja utafungwa, na aabo ni mmoja wa wazee watakaokaa mbele, na neno lake peke yake lingetosha kuniokoa, lakini nilipomwomba aseme alinijibu bila kuniangalia, "Mashine ya alama mimi najua. Bunduki mimi sijui. Kwangu bunduki haikuwa." Tangu hapo hatuzungumzi.

Wakili wangu ameshaandika barua ya kumshtaki Ebla kwa kunichafulia jina, inangoja sahihi yangu tu. Niitie sahihi? Na nikifika barazani niseme nini?

Nasteha, Garissa

*

Nasteha, wa aleikum salaam.

Barua ya wakili ichane. Usiisome tena, ichane, halafu urudi hapa tuzungumze.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja na wewe, nikuambie ukweli, maana ile habari ya mguu wa kuku inaniudhi hata mimi. Tumeipa bastola jina la kitoweo ili tusiiogope, na tunawavalisha watoto wetu bastola za plastiki siku ya Idd kisha tunashangaa wakikua. Hapo una haki, na ningependa wakubwa wa mji huu waisikie hiyo sehemu ya barua yako.

Mara ya pili nilikasirika na wewe.

Unasema mlio ni ule ule na mashine ni zile zile, unaniletea hilo kama ushahidi dhidi ya Ebla. Binti yangu, huo ni ushahidi dhidi yako. Miezi minne mama yule alisikia tap-tap na akasikia watoto wanagonga, kwa sababu jina alilopewa lilikuwa la sokoni, la ng'ombe na rangi ya buluu. Wewe ndiye uliyempa jina lingine. Ulilipandisha juu ya nguzo, kwa herufi nyekundu, kando ya ukuta mnaoutumia pamoja, na tangu siku ile kila tap ikaingia sikioni mwake ikiwa imeshavaa lile jina. Ebla hakubadilika. Bango ndilo lililopanda.

Na Awil umemweka wapi? Umemweka katikati ya sentensi, baina ya chai na unafiki, ukampita mbio. Miaka tisa ni mingi kwako wewe uliyeenda mazishini ukarudi nyumbani. Mwanamke aliyemzika mwanawe kwa risasi ameweza kukaa getini kwako miezi minne akikoroga chai kwa amani, na wewe ukamwandikia SILAHA TUNAZO juu ya kichwa chake. Katika mji huu, Nasteha. Salah anaweza kurudi Nairobi kesho na maneno yake ya moto. Wewe umezaliwa hapa, wewe ulipaswa kujua.

Lililoniudhi kuliko yote ni hili. Kwa vijana wenye pesa unaziita silaha, mbele ya chifu unataka ziitwe mashine za alama, na kwa baba yako unamwomba alitumie jina lake safi kufunika lile ulilochagua wewe. Mzee Abdiwahab hajakutupa. Amekataa kusema uongo barazani. Kitu alichokijua, ulikibadilisha jina bila kumuuliza, naye anasema wazi kwamba hicho cha pili hakijui. Mimi namheshimu.

Sasa sikiliza la kufanya, na ulifanye kwa mpangilio huu.

Leo, mchana, watu wakiwa barabarani, panda mwenyewe ulishushe lile bango. Usimtume mtu. Kisha ingia kwa Ebla, bila wakili, bila Salah, kaa chini kwenye mkeka wake, na uombe msamaha. Usianze na mlio, usianze na miezi minne. Anza na Awil, mtaje kwa jina. Ukilia, lia.

Ukitoka hapo nenda kwa baba yako. Mwambie umeshusha bango na umekwenda kwa Ebla, halafu nyamaza. Usimwombe kitu. Ataamua mwenyewe Alhamisi.

Barazani, usiende kuwafundisha wazee jina jipya tamu. Jina tamu la kuficha nalo ni uongo, ndugu wa mguu wa kuku. Waambie kitu chenyewe kilivyo: kinasukumwa na gesi, kinarusha kidonge cha rangi, kinauma kidogo, na bila barakoa kinaweza kutoboa jicho, ndiyo maana hakuna anayeingia bila barakoa. Waambie pia uliandika vita kwa tamaa ya wateja na kwamba ulikosea. Beba risiti zako zote, na kabla ya siku hiyo nenda ukaulize kwa maandishi sheria inavitambuaje vitu hivi na ni kibali gani kinachohitajika. Kama hukuwa nacho, kiri hapo hapo. Zile nguo za jeshi mlizopigia picha ya bango zichome, hata kama zilikuwa za mchezo.

Na kama uwanja utabaki, lile bango jipya usiliandike wewe, na Salah asilisogelee. Mpelekee Ebla. Muulize alikuwa anaviitaje vitu vyenu siku zile alipokuwa anauza chai akiegemea ukuta wako. Jina atakalokutajia, liandike hilo hilo kama lilivyotoka mdomoni mwake. Na kama atakuangalia tu asiseme kitu, usimbembeleze. Hamisha uwanja.