Jina Lako Lilisomwa Redioni

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu uliye Nairobi,

Anayeandika ni shangazi yako. Mimi Dani, bibi yako, nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kulainisha neno langu hata moja. Shule sikwenda, lakini ulimi ninao.

Unaikumbuka ile redio yako ya kuunga? Ilikuja kwa posta vipande vipande ndani ya karatasi ya kaki, ukavitandaza juu ya meza yetu hapa Kaloleni, tukawa tunakula sahani ikiwa magotini. Ulipomaliza kuiunga iliimba kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Kila mtu akasema ni betri. Nikazianika betri juani kando ya dagaa wetu wa omena, kama mama yeyote wa mtaa huu. Kweli zilipata nguvu, wimbo mmoja tu, halafu kimya tena. Babu yako akakupa zile za tochi yake. Akawa anakwenda zamu ya alfajiri kule reli akipapasa njia gizani, anarudi vidole vya miguu vimechubuka.

"Mke wetu," akaniambia, "huyu mume mwenzangu atanivunja mguu."

"Si umnyime?"

"Nikimnyima, habari ataniletea nani?"

Hata hizo za tochi zikashindwa. Ndipo ukaacha kulaumu betri, ukaifuata nguvu tangu inapoanzia. Ulilamba betri kwa ncha ya ulimi, ukakunja uso, ukasema iko hai. Ukashika waya mmoja, ukashika mwingine, mpaka ukafika kwenye springi ya kisanduku cha betri, ukaikuta ina ukoko mweupe. Betri zangu za kuanika zilikuwa zimetapika humo ndani.

"Dani, jua lako ndilo limeniua."

Nikakuambia funga domo, omena wa jua hilohilo si unakula? Ukaikwangua springi kwa msasa. Redio ikalia nyumba nzima, na babu yako akacheza na viatu vyake vya kazi.

Redio hiyohiyo ndiyo iliyotangaza kifo chake. Saa ya matangazo ya vifo tuliizunguka, tukasikia jina lake, kisha majina ya watoto wake, kisha lako, mjukuu aliye Nairobi. Nikasema, amesikia huyo, atapanda basi. Siku ya kumzika kule nyumbani Kisian niliwachelewesha wenye majembe mpaka wakaanza kuninung'unikia.

Hukuja.

Basi nikatafuta tatizo liko wapi, kama wewe na waya zako. Tangazo lilisomwa? Lilisomwa, nilisikia kwa masikio yangu. Jina lako lilitajwa? Lilitajwa. Labda huko huna redio. Huyo kijana wa jirani unayelala naye chumba kimoja alipokuja likizo, nikamuuliza. Akatazama chini.

"Mama, tulisikia wote wawili. Yeye aliizima, akaendelea kula."

Uliendelea kula! Chakula kilipitaje hapo kooni?

Badala yako ikaja redio mpya kwa basi, ndani ya boksi, pamoja na betri zake. Sijaifungua. Baba zako wananibembeleza, eti kazi hujapata, eti uliona aibu kuja mikono mitupu. Aibu gani? Yule mzee alijigonga kwenye mawe kwa ajili yako, wala siku moja hakuuliza utamletea nini. Mtu wako amelala ndani ya sanduku, na wewe unapima mikono yako!

Nimewaambia baba zako hivi: siku yangu ikifika, wasome majina yote redioni, lako waliruke. Sitakubali uitwe tena ili uzime tena. Ukitaka kuniaga, njoo sasa, ningali na meno ya kukutukana na mikono ya kukusongea ugali. Njoo hivyohivyo, bila kitu. Nitakupiga kwanza, halafu utakula.

Mimi Dani wako,
mkeo wa kwanza, mwenye hasira.